MWENYE KISUKARI NAYE NI MFANYAKAZI

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya kidato cha nne yatangazwapo, huanza katika nyumba nyingi za nchi hii mazungumzo yale yale: mtoto huyu afanye kazi gani? Katika kata ya Zombo, wilayani Kilosa, mazungumzo hayo yana sura yake. Upande mmoja liko jembe, la mahindi, la mpunga na la ufuta, ambalo halimwulizi mtu cheti. Upande wa pili ziko njia za kutokea: Kilosa penye reli, Mikumi penye barabara kuu iendayo Zambia na hifadhi ya wanyama, na mbele ya Mikumi, Kidatu penye mashamba ya miwa. Kijana mwenye afya huchagua kadiri ya elimu na bahati yake. Leo twataka kusema habari za kijana ambaye wenzake huambiwa wachague, na yeye huambiwa akae nyumbani, kwa kuwa kila siku hujidunga sindano ya insulini.

Hatusemi juu ya kisukari kile kinachowapata watu wengi wakishakuwa wazima au wazee, ambacho kwa kawaida huanza kutibiwa kwa vidonge na kwa kuangalia chakula. Twasema juu ya kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Mwili wenyewe hugeuka ukaziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na insulini ikikosekana, sukari hubaki katika damu isiweze kuwa nguvu ya mwili. Mtoto huona kiu isiyokatika, hukojoa mara kwa mara, hukonda hali anakula. Hakukipata kwa kula peremende, wala hakukipata kwa utajiri wa baba yake, wala hapana mkono wa mtu katika jambo hilo. Dawa yake ni insulini, leo, kesho na maisha yote.

Dawa hiyo ina umri wa miaka mia moja na kidogo tu. Mwezi wa Januari, 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Kabla ya hapo mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu alikuwa wa kungojewa kufa. Mwaka uliofuata haki ya ugunduzi ule iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili pasiwe na mtu wa kuihodhi. Tangu hapo swali limebadilika. Zamani watu waliuliza, mtoto huyu ataishi? Leo yatupasa kuuliza, ataishi kwa kazi gani?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwahesabu wachache tu kuwa ni watu wenye haki ya kutofanya kazi: watoto wadogo, wazee waliokwisha nguvu, walemavu wasiojiweza, na wale ambao kwa wakati fulani Serikali haijaweza kuwapatia nafasi. Waliobaki wote ni wafanyakazi. Twauliza basi: kijana mwenye miguu yake, macho yake, akili zake na cheti chake, ambaye hujidunga sindano asubuhi na jioni kisha akaenda shambani, yumo katika kundi gani kati ya hayo? Hayumo katika lolote. Kumkalisha kitako, hata kama ni kwa huruma, ni kumfanya tegemezi kwa nguvu. Na huruma ya namna hiyo tunaijua sana katika vijiji vyetu: mama humnyang'anya mtoto ndoo, baba humwachisha shule, jirani humwambia mchumba kwamba huyu si mtu wa kuchukuliwa.

Lakini tusije tukasema maneno matamu yakamponza kijana. Zipo kazi zenye hatari kwake, na hatari hiyo ina sababu inayoeleweka. Mwenye kutumia insulini huweza kushukiwa na sukari. Akidunga dozi yake kisha akachelewa kula, au akafanya kazi ya nguvu kupita kipimo, sukari huteremka; hutoka jasho, mikono hutetemeka, maneno huanza kupotea, na asipopata kitu kitamu upesi huweza kuzimia. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa mzima kama wewe na mimi. Kwa hiyo swali la kweli juu ya kila kazi ni hili: sukari ikimshuka akiwa hapo alipo, nani ataumia, na je, anaweza kuihisi mapema, kuipima na kuirudisha?

Tuliweke swali hilo juu ya kazi za Zombo zenyewe. Jembe ni kazi ya nguvu, nalo huteremsha sukari; lakini mkulima ni bwana wa saa zake. Anaweza kula kabla ya kuondoka, kubeba muhogo uliochemshwa na sukari katika karatasi, kupumzika chini ya mwembe, na kupunguza dozi ya siku ya kupalilia kwa ushauri wa mganga. Hatari yake si jembe, ni upweke: kwenda peke yake shamba la mbali bila mtu kujua. Mkata miwa wa Kidatu hufanya kazi nzito kuliko hiyo, juani, kwa kipimo cha siku alichopangiwa na mtu mwingine. Huyu hawezi kukaa kula apendapo. Twaona kwamba kijana wa sindano aweza kufanya kazi katika shamba la miwa, lakini si busara aanzie kwenye panga. Katika kiwanda hicho hicho ziko karakana, ghala, maabara, mizani na ofisi ya hesabu. (Wako watani watakaocheka kwamba mwenye kisukari ameajiriwa kutengeneza sukari. Na wacheke, mshahara wake hauna kisukari.)

Ualimu, uuguzi, ushonaji, useremala, ufundi wa magari, ukarani, udaktari wa mifugo, uhasibu: katika hizi zote hatuoni sababu yoyote ya kumkataa mtu. Mikumi pana chuo cha VETA, na kijana wa Zombo hana haja ya kuvuka mkoa kutafuta ufundi. Uuguzi una zamu za usiku, nazo huvuruga saa za kula na za sindano, lakini ni jambo la kupangwa, si la kumfungia mtu mlango. Fundi umeme wa nyumba hana shida. Fundi apandaye nguzo ndefu anahitaji kupima damu kabla ya kupanda, na kuwa na mwenzake chini, ambaye kwa kweli hata fundi mzima anamhitaji.

Sasa twafika kwenye usukani. Hapa Mikumi hatuwezi kuukwepa, maana malori hupita usiku na mchana, na vijana wengi wa upande huo huona udereva ndiyo njia fupi ya kutoka kijijini. Dereva wa lori akizimia hafi peke yake. Ndiyo sababu nchi nyingi ziliamua zamani kwamba mwenye kutumia insulini asiguse lori kabisa. Uingereza iliweka marufuku ya namna hiyo mwaka 1991. Lakini mwaka 2011, baada ya miaka 20, iliiondoa, ikaweka badala yake utaratibu wa kumpima kila mtu kwa hali yake: awe anahisi sukari inapomshuka, awe na kumbukumbu za vipimo vyake, apime damu kabla ya kuwasha gari na kila baada ya saa mbili akiwa njiani, na achunguzwe na daktari bingwa kila mwaka. Marekani nayo mwaka 2018 iliacha mpango wa kuombea kibali cha pekee kwa dereva wa malori avukaye majimbo. Siku hizi daktari anayemtibu hutoa maelezo, na kumbukumbu za vipimo vya miezi mitatu huangaliwa. Hata katika ndege, Uingereza iliwafungulia njia marubani wa abiria wenye kutumia insulini mwaka 2012, na Marekani mwaka 2019, kwa masharti makali ya kupima wakiwa angani.

Hatutoi habari hizi ili kijana wa Zombo akimbilie kesho kutafuta lori. Dereva wa Uingereza anazo mashine za kupimia, vijiti vya kupimia visivyokwisha, na daktari wa kumwangalia. Kwetu, mtu asiyeweza kupata vijiti vya kutosha vya kupima damu mara mbili kwa siku, atavitoa wapi vya kupima kila saa mbili kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma? Kwa dereva wa namna hiyo, sisi wenyewe twasema lori lisubiri. Bodaboda vivyo hivyo, nayo ni hatari zaidi kwa kuwa hakuna anayempima mtu kabla ya kumpakia abiria. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita Kilosa kwenda Dodoma. Anayeiendesha ana mamia ya roho nyuma yake, na masharti yake hayana budi kuwa makali. Lakini reli si dereva peke yake. Ina wakata tiketi, mafundi wa mitambo, wahandisi, wahudumu wa stesheni. Tunalolitaka ni kwamba kizuizi kikiwekwa, kiwekwe juu ya kazi fulani kwa sababu iliyotajwa, na kiangaliwe upya vifaa vinapopatikana. Kizuizi kinachomshika mtu kwa jina la ugonjwa wake, bila kumpima yeye wala kuipima kazi, ni uvivu wa kufikiri.

Iko habari moja ya kale tunayoipenda. Robin Lawrence alikuwa daktari kijana mjini London, akijifunza upasuaji. Mwaka 1920, alipokuwa akifanya mazoezi ya kupasua mfupa, kipande cha mfupa kiliruka kikamwumiza jicho, na katika matibabu ya jicho hilo ikagunduliwa kwamba ana kisukari. Jicho likapotea, upasuaji ukaachwa. Akaenda Italia, akifanya uganga kidogo huku akingojea mwisho wake. Mwaka 1923 rafiki yake wa hospitali alimpelekea habari kwamba insulini imefika, arudi upesi. Alirudi akiwa hoi. Mtu huyo akawa mmoja wa waganga wakubwa wa kisukari nchini mwake, na mwaka 1934, pamoja na mwandishi H. G. Wells, ambaye naye alikuwa na kisukari, akaanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari cha Uingereza. Alifariki mwaka 1968. Alifungiwa kazi moja kwa haki, kwa ajili ya jicho, akafanya nyingine kwa miaka zaidi ya arobaini. Na kwa vijana wasiotaka habari za madaktari, tuwakumbushe Nacho Fernández, aliyekuwa mlinzi wa Real Madrid, aliyepatikana na kisukari hiki akiwa na miaka 12, daktari mmoja akamwambia mpira basi, na mwaka 2024 akalibeba kombe la mabingwa wa Ulaya akiwa nahodha.

Tuje kwenye sheria za hapa kwetu. Katiba yetu, katika ibara ya 22, yasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi kazini, nayo imetaja kwa majina ulemavu na Virusi vya Ukimwi. Kisukari haikukitaja kwa jina. Papo hapo sheria hiyo yakubali kwamba si ubaguzi kumkataa mtu ikiwa kazi yenyewe kwa asili yake yahitaji sifa asiyokuwa nayo. Na hilo ni haki, maana ndilo tulilolisema juu ya lori. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba watatu katika kila mia ni watu wenye ulemavu. Lakini mwenye kisukari huanguka katikati: haonekani mlemavu, hahesabiwi mzima. Kwa miaka kadhaa matangazo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wahitimu wa kidato cha sita yamewaelekeza wenye ulemavu wa kuonekana wakaripoti kambi ya Ruvu, yenye mazingira ya kuwahudumia. Ni jambo jema. Je, mwenye ugonjwa usioonekana, ambaye maisha yake yamo katika kichupa ndani ya mkoba, anakwenda wapi? Twaomba wakubwa wa Jeshi walitazame jambo hili, na mpaka hapo twamshauri kijana asiripoti kimya kimya. Aripoti na barua ya daktari mkononi.

Maana kimya ndicho kinachoua. Katika habari hii yote hakuna kitu kinachotutia hofu kama kijana anayeficha. Akiogopa kunyimwa kazi, hujaza fomu kuwa hana ugonjwa wowote. Hujidunga chooni, au huacha sindano ya mchana kabisa ili asionekane. Hula akijificha, au halii. Siku sukari imshukapo, wenzake humwona anayumba na kuongea ovyo, nao husema amelewa. Msimamizi humwandikia onyo, wenzake humpeleka nje apigwe na upepo, na wakati huo alichohitaji kilikuwa vijiko viwili vitatu vya sukari katika maji. Mwajiri anayesema hataki wenye kisukari hawapunguzi kiwandani mwake. Huwaficha tu, na huyaficha maarifa ya kuwaokoa. Tuliyapitia haya katika Ukimwi. Watu walifichana, wakafukuzana, wakafa, mpaka sheria ikasema waziwazi kwamba ugonjwa huo si sababu ya kumnyima mtu ajira. Hatuoni kwa nini somo hilo lifunzwe mara mbili kwa bei ile ile.

Waajiri hulalamika juu ya siku za kuumwa. Hesabu ni nyepesi. Sheria humpa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Anayekwenda kliniki mara moja kwa mwezi, hata kama kila safari itamla siku nzima, hutumia siku 36. Wako wanaotumia zaidi ya hizo kwa mafua ya Jumatatu.

Jambo kubwa kuliko yote limebaki, nalo ni dawa yenyewe. Kichupa kimoja cha insulini cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Mtu mzima atumiaye yuniti 40 kwa siku hukimaliza katika siku 25. Kwa hiyo kila mwezi kichupa, kila mwezi sindano, kila mwezi vijiti vya kupimia, na asiye na mshahara atavipata wapi? Watoto wengi wa nchi hii wamekuwa wakipata insulini bure kwa mipango ya misaada ipitiayo Wizara ya Afya na Chama cha Kisukari Tanzania, na wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Lakini mipango hiyo ina kikomo cha umri, nacho humfikia kijana katika miaka ya ishirini, yaani wakati ule ule anaposimama mbele ya lango la mwajiri. Msaada ukikatika upande huu na ajira ikikataliwa upande ule, hana pa kukanyaga. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kipimo chetu sisi cha sheria hiyo kitakuwa chepesi: kwamba kichupa kimepatikana, au hakikupatikana, kwa mkulima mdogo wa Zombo.

Na kikipatikana kitawekwa wapi, hali nyumba nyingi hazina jokofu na joto la bonde lile ni kali? Hapa lipo jibu la kufurahisha, tena limetoka jirani. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi, kisha wakaichunguza insulini katika joto hilo, la kati ya nyuzi 25 na 37. Mwaka 2021 walitangaza kwamba dawa iliyofunguliwa ilidumu wiki nne bila kupoteza nguvu, sawa na iliyokaa katika jokofu. Mtungi wa udongo wenye maji, mahali penye kivuli na upepo, husaidia zaidi. Dawa ya akiba ndiyo ihitajiyo jokofu, na hilo ni la zahanati. Wenye kukumbuka mafuriko ya Kilosa ya Januari 2010, Mkondoa ulipofurika na reli ikakatika, wataelewa kwa nini akiba hiyo isikae mjini peke yake.

Twasema neno kwa matawi ya vyama vya wafanyakazi, mashambani, viwandani na kwenye reli. Ninyi huketi na waajiri kuandika mikataba ya hali bora. Mara nyingi mmedai nauli, nyumba na sare, na mlifanya vyema. Safari ijayo ongezeni vifungu vichache: mwenye kisukari asifukuzwe wala kukataliwa kwa jina la ugonjwa, bali apimwe na daktari kwa kazi anayoiomba, aruhusiwe kula na kujipima katikati ya zamu bila kukatwa mshahara, akizuiwa kazi moja, atafutiwe nyingine kabla ya kuachishwa, kama kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinavyotaka kwa mfanyakazi aliyepungukiwa uwezo kwa ajili ya ugonjwa. Gharama yake kwa mwajiri ni dakika kumi za mapumziko, na kopo la sukari katika sanduku la huduma ya kwanza, lenye maandishi makubwa kwamba si la chai.